Kitufe cha Zahanati

“Hivi, mtu akifa kwenye hiyo michezo yenu ya simu, ndiyo basi, au anaanza upya?”

Aliyeuliza ni Bibi Niyonsaba, Jumamosi moja asubuhi, akiwa ameinamia ungo wa maharage. Firdausi, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa ameketi mbele yake kwenye mkeka. Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia uwanja wa kwao na kuosha vyombo, alivuka uchochoro kwenda kumsaidia jirani huyo kuchambua maharage ya kupeleka sokoni Kasulu. Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka, vijiwe vidogo vilimponyoka, ingawa Biblia yake ya maandishi makubwa aliisoma kila alfajiri bila kuomba msaada wa mtu.

“Anaanza upya, Bibi,” Firdausi alijibu akicheka. “Unabonyeza tu, anafufuka.”

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo. “Mana yanje!” alimwita Mungu wake kwa Kiha, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. “Anafufuka, hivi hivi tu?”

Firdausi akamweleza. Pale shuleni Mwalimu Twalibu alikuwa amewapa kazi wanafunzi wa kundi la kompyuta. Kila wawili watengeneze mchezo wa hadithi. Mchezaji anasoma kidogo, halafu anaulizwa mtu wa kwenye hadithi afanye nini, naye anabonyeza kitufe anachokitaka. Hadithi inafuata pale alipochagua. Mchezo utakaokuwa mzuri utawekwa kwenye vishikwambi vya kituo kimoja cha afya kule Kibondo, watoto wanaosubiri na mama zao kwenye benchi wacheze huku wakijifunza.

“Sasa sisi hadithi hatuna,” alimalizia. “Mwenzangu Jordan anataka ya majini wanaokula watu.”

Bibi aliokota kijiwe, akakitupa uwanjani. Kisha akasema, bila kuinua uso, “Nilikuwa na mtoto. Jina lake Manirambona.”

Firdausi alipigwa na butwaa. Tangu azaliwe alimjua Bibi kama mtu mpweke wa kanisani, mwenye kuimba tenzi akipika. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba ile iliwahi kuwa na mtoto.

“Tulikaa Kitanga wakati huo,” Bibi aliendelea. “Aliamka anaungua homa. Nikamfunga mgongoni, nikashika njia ya zahanati. Lakini njiani palikuwa na nyumba ya wakwe zangu. Kwetu sisi, mwana wanje, nyumba ya wakwe huipiti kama unapita kichaka. Unaingia, unapiga magoti, unasalimu. Mmeamkaje? Watoto wameamkaje? Ng’ombe wameamkaje? Maharage yameshika vipi? Nao wanakuuliza vilevile, mmoja mmoja. Nilitaka kusema mtoto anaungua, lakini salamu haikatwi. Zilipokwisha, nikapewa uji, na uji wa wakwe hauachwi. Nilipofika zahanati, muuguzi alinipokea kwa mikono miwili. Dawa alitoa bure, hakunidai kitu. Ila aliniambia, ‘Mama, ungefika mapema kidogo tu.’”

Hakulia. Aliupepeta ungo, makapi yakaruka.

“Wekeni hiyo kwenye mchezo wenu. Salamu msipunguze hata moja, maana ndizo zilizonichelewesha. Na mwishoni mchezaji apewe nafasi ya kusema: nisameheni wakwe zangu, mtoto anaumwa, nitarudi kusalimu. Nataka mtoto mmoja tu afike mapema. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Bibi.”

“Nitakwenda Kibondo mwenyewe nimwone akifika.”

Jumatatu, Firdausi alimsimulia Jordan Mulenda, mtoto wa mama muuza vitenge, na majini wakasahaulika hapo hapo. Mchana Mwalimu Twalibu aliwakusanya kwenye chumba cha kompyuta.

“Kabla hamjajenga, chagueni chombo cha kujengea,” alisema. “Nimewaletea programu mbili. Ya kwanza ni hii ya visanduku. Unaandika maneno ndani ya kisanduku, unavuta mshale kwenda kisanduku kingine, basi. Haina picha wala muziki. Ya pili inaitwa Hadithi Chapu. Ni ya simu, nayo ina picha tayari. Mimi mwenyewe sijaitumia vya kutosha, kwa hiyo msichague kwa macho. Tengenezeni kipande kilekile kwenye zote mbili. Halafu mpeni mtu ambaye hakukitengeneza, kwenye simu nyingine, mtandao umezimwa, acheze mpaka mwisho. Mpaka mwisho, mmenisikia? Mtengenezaji na mchezaji hawaoni kitu kimoja.”

“Tumesikia, Mwalimu!”

Nje, Jordan hakungoja hata wafike getini. “Visanduku? Oya, Firdausi, ile si kama karatasi ya mtihani! Sasa cheki hii.” Akabonyeza Hadithi Chapu kwenye simu ya mama yake. Vilima vya kijani vikatokea, nyasi zikicheza na upepo, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akitembea. Muziki ukaanza taratibu.

Firdausi alishika mdomo. “Ni kama Bibi kabisa!”

“Si nilikwambia? Hii kitu ni noma.”

Hawakuigusa tena ile ya visanduku. Siku zilizofuata, baada ya shule na madrasa, Firdausi alikaa nyuma ya duka la baba yake na simu ya dukani, Jordan pembeni, wakijenga. Waliandika salamu zote. Kila salamu waliipa kitufe chake, mchezaji aibonyeze ndipo baba mkwe ajibu. Watoto, ng’ombe, mbuzi, maharage, mihogo, jirani wa ng’ambo ya bonde, wote walisalimiwa. Mwisho kabisa wakaweka kitufe kikubwa: *Nisameheni, mtoto anaumwa, nakimbilia zahanati*. Walipojaribu kwenye simu yao kilifunguka vizuri, na muuguzi akatokea akitabasamu.

Ijumaa walimwita Shadia, wanayekaa naye dawati moja, acheze kwenye simu ya dada yake. Shadia alicheka mpaka machozi. “Mpaka mbuzi anaamkiwa! Nyie watu!” Alikuwa amefika kwenye uji, mama yake akamwita apeleke mahindi mashineni. Akarudisha simu ndani, akakimbia.

“Hajamaliza,” Firdausi alisema.

“Si ameona inafanya kazi? Inatosha. Usiwe na mambo mengi.”

Firdausi alitaka kubisha. Akatazama zile nyasi zinazocheza, akaacha.

Siku ya kukabidhi kazi, Mwalimu Twalibu aliwauliza, “Mmempa mtu mwingine akacheza?”

Jordan aliangalia viatu vyake.

“Ndiyo, Mwalimu,” Firdausi alijibu. “Shadia.”

“Mpaka mwisho?”

“Mpaka mwisho.”

“Mtandao umezimwa?”

“Ndiyo.”

“Na ile ya visanduku?”

“Tuliijaribu pia. Haikutufaa.”

Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu kuutoa. Uliofuata uliteleza wenyewe. Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akasema, “Vizuri. Nawaamini.” Neno hilo lilimchoma Firdausi zaidi kuliko kama angegombezwa, lakini hakulirudia moyoni. Alijiambia kwamba mchezo ni mzuri, na watu wakiuona watafurahi, basi.

Kibondo walikuta ukumbi wa kituo cha afya umejaa. Watoto walikaa chini kwenye majamvi, wazazi kwenye mabenchi nyuma yao. Mbele alisimama muuguzi aitwaye Apoline, mama wa Kikongo aliyefanya kazi miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kuhamia pale. Bibi Niyonsaba alikuwa mstari wa mbele amevaa kitenge chake cha kanisani, na mama yake Firdausi, Bi Siti, ameketi kando yake akimshikia mkoba.

“Bon, tuanze,” Muuguzi Apoline alisema. Akampa kishikwambi msichana mdogo aliyeitwa Nadège, na picha ikaonekana kubwa ukutani. Vilima vilipotokea, watu waliguna kwa kupendezwa. Salamu zilipoanza, ukumbi mzima uliangua kicheko. Nadège alipobonyeza *Ng’ombe wameamkaje?*, watu waliitikia kwa sauti moja, “Wameamka!” Jordan alimpiga Firdausi kiwiko. Bibi alikuwa anatabasamu, mikono imefumbatwa mapajani kama mtu anayesali.

Kisha kikaja kile kisa chenyewe. Uji umeletwa. Mtoto analia mgongoni. Vitufe viwili vikatokea ukutani: *Kunywa uji kwanza*, na chini yake, *Nisameheni, mtoto anaumwa, nakimbilia zahanati*.

Kile cha pili kilikuwa cha kijivu, na juu yake pana kufuli.

Firdausi alisogea mbele atazame vizuri. Kufuli? Kufuli limetoka wapi? Nadège akalibonyeza. Nyota ya dhahabu iliruka katikati ya picha, ikaanza kucheza na kupiga makofi, na maneno yakajitokeza: *Njia hii ni ya kulipia! Lipa kwanza, uendelee!*

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa kwenye picha aliendelea kulia, nyota ikaendelea kukata kiuno mbele yake.

Nadège alijaribu tena, na tena. Halafu akageuka nyuma kumtafuta mama yake. “Mama, kumbe zahanati mpaka ulipe kwanza! Ndiyo maana juzi hukunileta?”

“Nyamaza wewe!” mama yake alisema, lakini mama wengine wawili walikuwa tayari wananong’onezana na kutikisa vichwa.

Kitufe kilichobaki wazi ni kimoja tu. Nadège akakibonyeza. Mwanamke akanywa uji. Muziki ukashuka, na mtoto mgongoni akafumba macho.

Bibi Niyonsaba alisimama. Alisimama taratibu, akishika benchi.

“Firdausi,” alisema. Siku zote alimwita mwana wanje, yaani mwanangu. Leo alimwita kwa jina. “Mimi hawakunidai. Yule muuguzi alinipa dawa bure, akanishika na mkono. Mbona mmemsingizia? Na mtoto wangu mmemuua mara ya pili, mbele za watu.”

Bi Siti alikuwa amejishika kifua. Mwalimu Twalibu alisimama mlangoni kama aliyegandishwa, kalamu mkononi.

Muuguzi Apoline alizima picha. “Mchezo huu siuweki kwenye benchi langu,” alisema. “Mama akiona hivi atamfunga mtoto wake mgongoni arudi naye nyumbani. Unajua ni wangapi tunawapoteza kwa kuchelewa? Non. Siuweki.”

“Lakini kwenye simu yetu kilikuwa wazi!” Jordan alisema, karibu kulia. “Kweli tena, Mwalimu!”

Mwalimu Twalibu alikichukua kishikwambi, akakipekua huku ukumbi ukisubiri. Alipoinua uso alikuwa amekunja ndita.

“Kwenu kilikuwa wazi kwa sababu nyinyi ndio watengenezaji. Programu hii inampa mchezaji vitufe vya mwanzo bure. Vinavyofuata inavifunga mpaka alipe. Kwingine watu wangeweka hujambo moja wakapita, na pengine wasingefika kwenye kufuli. Nyinyi mmesalimu mpaka mbuzi. Salamu na uji vimekula vitufe vyote vya bure, zahanati imebaki nje.” Akamgeukia Firdausi. “Jambo moja silielewi. Uliniambia Shadia alicheza mpaka mwisho. Alilifunguaje kufuli?”

“Labda wamebadilisha jana, Mwalimu,” Jordan alidakia haraka. “Hizi programu zinabadilishwa kila siku.”

Firdausi aliuona mlango huo umefunguliwa. Angeweza kupita. Nani angejua? Lakini Bibi alikuwa bado amesimama, akimtazama, akingoja kama mtu anayengoja kuambiwa habari za mgonjwa.

“Hapana, Mwalimu,” alisema. “Shadia hakufika mwisho. Alifika kwenye uji, akaitwa na mama yake. Na mtandao hatukuuzima. Na ile programu ya visanduku hatukuifungua hata mara moja. Nilikudanganya.”

“Astaghfirullah!” Bi Siti alisema. “Firdausi! Mwanangu mimi?”

“Na mimi nilijua,” Jordan alisema kwa sauti ndogo. “Mimi ndiye niliyesema inatosha.”

Mwalimu Twalibu alimwendea Bibi Niyonsaba, akainama mbele yake. “Bibi, niwie radhi. Na mimi niliamini bila kujionea.”

Muuguzi Apoline alikohoa. “Hadithi yenyewe naitaka,” alisema. “Naitaka sana. Mkiweza kuileta bila kufuli kabla ya mwezi kwisha, nitaiangalia. Lakini nani atanihakikishia?”

“Mimi,” alijibu Bibi. “Nitacheza mwenyewe. Asicheze mwingine kwa niaba yangu.”

Njia nzima ya kurudi Kasulu Bibi hakumsemesha Firdausi, naye hakuthubutu kumtazama.

Walianza upya kwenye kompyuta kuukuu ya shule, na ile programu ya visanduku. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kila salamu ilitaka kisanduku chake, kila kisanduku mshale wake, na ukikosea mshale mmoja mchezaji anajikuta amerudi nyumbani Kitanga kabla hajafika kwa wakwe. Picha hazikuwapo, hivyo Jordan alichora kwa penseli, Mwalimu akaipiga michoro yake picha kwa simu na kuiingiza. Lakini visanduku havikuwa na kikomo. Hata wangesalimia kuku wote wa nchi ya Buha, hakuna ambaye angewadai. Mchezo mzima ulikaa kwenye faili moja dogo, ukafunguka kwenye kompyuta, kwenye simu ya dukani, na kwenye kishikwambi cha Mwalimu, mtandao umezimwa kabisa.

“Hii kitu haina mbwembwe,” Jordan alikiri, akijikuna kichwa, “ila haina hila.”

Shadia alicheza tena, safari hii mpaka mwisho, na akagundua mshale mmoja uliompeleka mgonjwa shambani badala ya zahanati. Walirekebisha, wakampa mtu mwingine.

Siku ya Bibi kuja, walipanga viti kwenye chumba cha kompyuta. Bi Siti alimleta akimshika mkono. Kabla hajaketi, Mwalimu Twalibu aliuliza kama alivyouliza zamani, “Umejaribiwa mpaka mwisho?”

Firdausi alimtazama usoni. “Njia ya zahanati ndiyo, Mwalimu. Shadia na baba yangu wameimaliza. Njia ya kunywa uji pia. Ile tuliyoongeza mwanzoni, ya kurudi nyumbani kumwita mume, bado. Hakuna aliyeicheza isipokuwa sisi.”

“Bado?”

“Bado, Mwalimu.”

Uso wa Mwalimu ulilegea. “Sasa nisikilizeni wote wawili. Chombo hakichaguliwi kwa kung’aa. Unajiuliza kazi yako ni ipi, nani atakitumia na wapi, halafu unakijaribu pale pale. Hilo mmejifunza. Lakini kuna kubwa zaidi. Kukosea kuchagua si dhambi, kila mtu hukosea. Mngeniambia ‘bado’ siku ile, ningewaongeza siku, na kufuli tungeliona hapa, sisi wenyewe, mlango umefungwa. Uongo wenu ndio uliolipeleka Kibondo mbele ya Bibi na mbele ya wale mama. Anayesema amejaribu wakati hajajaribu, mzigo wa kosa lake anamtwisha mtu mwingine. Mmeuona mzigo huo, na mmemwona aliyeubeba.”

“Tumeona, Mwalimu,” walijibu.

“Basi ile iliyobaki tutaijaribu leo jioni, kisha tutakwenda kwa Muuguzi Apoline. Karibu, Bibi.”

Bibi Niyonsaba aliketi, akakiweka kishikwambi magotini. Alisoma polepole, midomo ikitembea, akibonyeza kwa kidole kimoja kigumu. Mmeamkaje. Watoto wameamkaje. Ng’ombe wameamkaje. Hakuruka hata salamu moja.

Alipofika kwenye uji, alisimama. Vitufe viwili vilikuwa mbele yake, vyote vyeusi, vyote wazi. Kidole kilining’inia hewani.

Bibi akabonyeza.

Kisanduku kikafunguka. *Muuguzi anatoka nje mbio. Anampokea Manirambona. Anasema: Mama, umefika mapema.* Chini yake palikuwa na mchoro wa Jordan wa penseli: mtoto amekaa kitandani, ameshika kikombe.

Bibi alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata kila neno.

“Yuko hai?” aliuliza, kwa sauti ambayo Firdausi hakuwahi kuisikia kwake.

“Yuko hai, Bibi.”

Bibi alichukua pindo la kitenge chake, akalipitisha juu ya kioo taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. “Ipelekeni Kibondo, mwana wanje,” alisema.

Kisha akakiweka kishikwambi mezani, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akainuka, akatoka.